Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi

Somo: Wagalatia 6:1-5



Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulio karibu na misufi twaelewa upesi. Kanda lililojaa usufi hata mtoto mdogo hulitia kichwani akaenda nalo mbio. Basi mtu anayetazama kwa mbali huuona mzigo wa jirani yake kuwa mwepesi namna hiyo, maana shingo inayouma si yake. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia neno lililo kinyume cha mazoea hayo. Aliwataka wachukuliane mizigo, akawaambia kwamba katika kufanya hivyo sheria ya Kristo hutimizwa.

Twapenda leo tuutafakari mzigo mmoja ulioingia katika nyumba nyingi, tena nyumba za Wakristo, na ambao hautangazwi kanisani wakati wa matangazo ya wagonjwa. Ni mzigo wa kumtunza mzazi, au mume, au mke, aliyepotewa na kumbukumbu. Akivunjika mguu twamtembelea. Akipata homa twamwombea kwa jina lake. Lakini akili zikianza kumpotea, mlango wa nyumba hufungwa, nasi twapita njiani kama kwamba hakuna mtu ndani.

UGONJWA WENYEWE NI NINI

Kwanza tuujue ugonjwa, kwa sababu mtu huogopa asichokijua.

Kusahau kidogo si ajabu kwa mzee. Akisahau mahali alipoweka miwani yake, kisha akakumbuka, huo ni uzee tu. Lakini akiishika miwani mkononi asijue ni ya kazi gani; akipotea katika njia ya shamba alilolima kwa miaka 40; akidai chakula wakati sahani aliyolia bado iko mbele yake; au akimwita binti yake kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, hapo yapo zaidi ya uzee. Hospitalini ugonjwa huo huitwa demensia. Ni ugonjwa wa ubongo, kama vile pumu ilivyo ugonjwa wa mapafu. Sehemu za ubongo hudhoofika na kufa pole pole, na kila sehemu inayokufa huondoka na kazi yake.

Aina inayowapata watu wengi zaidi imepewa jina la daktari mmoja Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyewaeleza madaktari wenzake habari zake mwaka 1906. Aina nyingine hutokana na kiharusi na shinikizo la damu, mishipa ya ubongo inapoziba. Kwa kawaida mambo mapya hufutika kwanza, na ya zamani hubaki kwa muda mrefu. Ndiyo sababu mama aweza kusahau chai aliyoinywa sasa hivi, lakini akauimba mpaka mwisho wimbo aliofundishwa akiwa darasa la pili. Hafanyi makusudi, wala hachagui la kukumbuka.

Wako wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa nao, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao walikuwa katika nchi zisizo tajiri. Hapa kwetu Tanzania, wataalamu walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakawachunguza wazee karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Walikuta kwamba zaidi ya wazee 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Basi kila mmoja wetu ahesabu wazee wa umri huo katika kitongoji chake, aone kama jambo hili liko mbali naye.

Dawa ya kuuponya ugonjwa huu bado haijapatikana. Lakini hiyo si sababu ya kutompeleka mzee hospitali. Yako mambo mengine yanayofanana nao ambayo hutibika: malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo, upungufu wa lishe mwilini, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni nzito ya kufiwa, hata dawa fulani fulani anazotumia. Mzee aliyekuwa na akili timamu Jumatatu, na Alhamisi akawa haelewi kitu, apelekwe siku hiyo hiyo. Wale wanaomwambia mlezi kwamba hakuna haja, eti ni uzee tu, waweza kumnyima mzee huyo dawa ambayo ingemrudisha.

LAWAMA, AIBU NA KICHEKO

Ugonjwa ungekuwa mwepesi kidogo kama ungekuja peke yake. Lakini huja na ndugu zake watatu, ambao sisi wenyewe huwakaribisha: lawama, aibu na kicheko.

Tuanze na lawama. Tuzitazame dalili moja moja, tuone zinavyofasiriwa vibaya. Mgonjwa huchanganya usiku na mchana. Huamka saa nane za usiku, akatoka kutafuta “nyumbani”. Nyumba anayoitafuta ni ile ya wazazi wake, iliyokwisha kubomoka zamani. Pengine amesahau kuvaa nguo. Jirani akimkuta uani kwake katika hali hiyo, hupiga kelele kwamba amemkamata mwanga. Mgonjwa huzungumza na marehemu mumewe, kwa kuwa kumbukumbu ya kifo imefutika na kumbukumbu ya ndoa imebaki. Watu husema anaongea na mizimu. Huficha fedha zake ndani ya debe la unga, kisha husahau, akaapa kwamba mkamwana wake ni mwizi. Nyumba nzima hugombana. Mzee aliyekuwa mpole, aliyehudumu kanisani maisha yake yote, hutoa matusi ambayo hakuna aliyejua kwamba anayafahamu. Watu husema laana imemfika. Kumbe ile sehemu ya ubongo inayomzuia mtu asiseme kila neno limjialo mdomoni ndiyo iliyougua.

Lawama hizi si maneno matupu, zinamwaga damu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi wameuawa miaka iliyopita kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka 60 huyafanya kuwa hivyo. Mwezi wa Oktoba 2021, katika eneo la Kisii nchini Kenya, akina mama wanne wazee waliuawa na kundi la watu kwa tuhuma za uchawi. Na mahali pengi, ukichunguza, utakuta nyuma ya neno “mchawi” kuna shamba la mzee ambalo mtu fulani alilitaka. Mzee anayezurura usiku na kusema peke yake ndiye anayeshukiwa kwanza, na ndiye asiyeweza kujitetea.

Wanafunzi wa Bwana nao waliuliza swali la lawama. Katika Yohana sura ya 9 walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana akakataa yote mawili. Hakuwapa mtu wa kumlaumu. Aliwageuza waitazame kazi ya Mungu iliyopasa kufanywa kwa mtu yule, kisha akaifanya. Mkristo anayesikia habari za mzee aliyechanganyikiwa, akauliza “Nani kamroga?” au “Alifanya nini ujanani?”, anauliza swali ambalo Bwana alikwisha kulikataa.

Wa pili ni aibu. Kwa aibu mzee huwekwa chumba cha nyuma, na wageni wakija huambiwa amelala. Harusi ya mjukuu hupita bila yeye. Wengine hufungwa kamba mguuni ili wasitoke. Twajua kwamba mara nyingi anayefunga kamba si katili, ila amechoka, anaogopa kisima na barabara. Lakini kamba huumiza mwili, humtia mgonjwa hofu, na hofu humzidishia fujo. Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nyumba inayoficha haipati msaada, kwa sababu hakuna awezaye kusaidia asichokiona.

Wa tatu ni kicheko. Vijana hukaa kijiweni, wakamwita babu apitaye, wakamuuliza ni mwaka gani, na nani ni Rais, kisha wakacheka majibu yake. Katika Mambo ya Walawi 19 Mungu alikataza kumtukana kiziwi na kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza. Kumuuliza swali mtu asiye na kumbukumbu ili tucheke ni kumwekea kipofu gogo njiani. Na sura hiyo hiyo inatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi.

Neno moja kwa sisi watu wa kanisa. Twaamini maombi, na wagonjwa hawa tuwaombee, tena kwa bidii. Lakini kumkesha mzee usiku kucha tukimpigia kelele pepo atoke, kumfungisha chakula, au kumwachisha dawa zake za shinikizo la damu ili kuonyesha imani, si maombi. Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na kanisa halikumwona kuwa amepungukiwa na imani.

NENO LA MUNGU JUU YA WAZAZI WALIOSAHAU

Amri ya tano yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Wengi hufundishwa amri hii wakiwa watoto, wakadhani ni amri ya watoto: kutii, kuamka mapema, kutojibizana. Lakini Musa aliipeleka kwa watu wazima, wenye wazazi wazee. Heshima inayopimwa hapa ni ile anayopewa mzazi ambaye hawezi tena kuamuru, wala kugawa urithi, wala kushukuru.

Liko fungu moja ambalo twatamani kila nyumba ilisome. Ni katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, kuanzia mstari wa 12. Kanuni ya sita ya imani ya Kanisa letu yasema kwamba vitabu vya namna hiyo husomwa kwa ajili ya mfano wa maisha na mafundisho ya mwenendo mwema. Hapo yule mzee wa hekima amwagiza mwanawe amsaidie baba yake katika uzee wake. Kisha aongeza jambo ambalo lingeweza kuandikwa kwa ajili ya nyumba zetu leo: hata kama akili za baba zimepunguka, mwana amvumilie, wala asimdharau kwa kuwa yeye bado ana nguvu zake. Kitabu hicho kiliandikwa karibu miaka 200 kabla ya Kristo. Basi ugonjwa huu si mpya, na agizo lake si jipya.

Naye Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, awaambia watoto na wajukuu kwamba wajifunze kwanza kuonyesha utauwa nyumbani kwao na kuwarudishia wazazi wao fadhili. Neno “kwanza” lina uzito. Haliko baada ya kwaya, wala baada ya kamati ya ujenzi.

NI NANI ABEBAYE

Hapa tumefika kwenye kanda lenyewe, lililoonekana kama la usufi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kwamba familia ndiyo msingi wa matunzo ya wazee. Ni neno zuri. Lakini tuulize, “familia” ni nani? Ukiingia ndani ya nyumba, mara nyingi utakuta ni mtu mmoja. Ni binti ambaye hakuolewa, au aliyeachika akarudi nyumbani. Ni mkamwana. Ni mjukuu wa kike aliyekatizwa masomo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika kila saa 10 za kuwatunza wagonjwa hawa, saa 7 hutolewa na wanawake, na kwamba ndugu anayemtunza mgonjwa wa namna hii hutumia kwa wastani saa 5 kwa siku.

Tumtazame basi mtu huyo siku moja. Usiku ameamka mara nne, kwa kuwa mama amejaribu komeo la mlango. Alfajiri amefua mashuka. Uji ameunywesha kijiko kwa kijiko, nusu umetemwa. Ameulizwa “Baba yako amerudi?” mara ishirini, na mara ishirini amejibu. Shamba halikupaliliwa. Genge alilokuwa nalo sokoni limefungwa. Adhuhuri ameitwa mwizi na mama yake mwenyewe, aliyemzaa, mbele ya majirani. Na jioni kaka yake amepiga simu kutoka Dar es Salaam, kuuliza kwa nini mama anasikika amekonda.

Kaka ametuma fedha, nasi twamshukuru, maana sabuni na dawa zanunuliwa kwa fedha. Lakini yafaa ndugu walio mbali wajue kwamba fedha hailali macho usiku. Tena wanapokuja kwa Krismasi, mama hufurahia sura ngeni, hutulia siku mbili, akazungumza vizuri. Ndugu huondoka wakisema, “Mbona mama mzima tu? Dada anatia chumvi.” Neno hilo humvunja mlezi kuliko kazi yote ya mwaka.

Na mlezi naye ni binadamu. Iko siku atapandisha sauti. Iko siku atakwenda nyuma ya nyumba alie, na moyoni atatamani yote yaishe, kisha aogope wazo lake mwenyewe, aone kwamba yeye si Mkristo. Kwa mlezi wa namna hiyo twamletea Eliya. Katika 1 Wafalme 19 nabii huyu alichoka hata akaketi chini ya mti jangwani, akamwomba Mungu aitwae roho yake. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa na maji. Akalala tena, akagutushwa mara ya pili, akala tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Mahubiri yalikuja baadaye, na yalikuja kwa sauti ndogo. Kanisa linalotaka kumsaidia mlezi lianze pale alipoanza malaika: usingizi na chakula.

Watu wengine husema kwamba mstari wa 5 wa somo letu wataka kila mtu auchukue mzigo wake mwenyewe, basi na kila nyumba ijitunze. Lakini mstari wa 2 umetangulia. Uko mzigo ulio wajibu wa mtu, ambao hawezi kumpa mwingine. Atauchukua na kutoa hesabu yake. Na uko mzigo unaozidi nguvu za mtu mmoja. Huo hubebwa na wengi. Yule mwenye kupooza katika Marko sura ya 2 alichukuliwa na watu wanne. Angechukuliwa na mmoja, asingefika hata mlangoni, seuze darini.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Katika vyuo vya ualimu twafundisha kwamba mwalimu aanze na lile mwanafunzi alijualo, ndipo aende kwa asilolijua. Kanuni hii yafaa sana hapa, ila safari ya pili haipo tena. Tubaki pale mgonjwa anapopajua.

Tusimfanyie mtihani. “Unanijua mimi ni nani?” ni swali la kikatili, ingawa twaliuliza kwa upendo. Tuseme wenyewe: “Shikamoo mama, ni mimi mwanao, nimekuja kukuona.” Tusibishane naye. Akisema anamngoja mumewe aliyekwisha kufa, tusimpe habari za msiba upya kila siku, maana kila siku atalia kama siku ya kwanza. Tumwambie, “Hebu tuzungumze habari za baba,” naye atatulia. Tuseme maneno machache, jambo moja kwa mara moja.

Tumpe kazi mikono yake inayoikumbuka: kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kukunja nguo. Akichambua vibaya, tuchambue tena yeye asipoona. Ratiba ya siku isibadilike-badilike. Taa ndogo iwe karibu usiku, njia ya chooni iwe wazi, viberiti, visu na dawa viwekwe mbali, kisima kifunikwe. Majirani na mwenyekiti wa kitongoji waambiwe wazi, “Mama yetu ana ugonjwa wa kusahau, mkimwona njiani mtuletee.” Maneno hayo yakisemwa mapema yamlinda mzee na rungu la usiku kuliko komeo lolote.

Na jambo la mali. Mzee asiyejua siku wala mwaka asishikwe mkono apige dole gumba kwenye karatasi ya shamba. Wana wakae pamoja, mbele ya mashahidi. Kumnyang'anya mtu asiyeweza kukumbuka ni wizi uleule unaokatazwa na amri ya nane, hata kama mwizi ni mtoto wake.

MAMBO YA KUFANYA KATIKA MTAA WETU

Haya twayaweka mbele ya wazee wa kanisa na chama cha akina mama, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, majina ya wagonjwa hawa yasomwe kanisani pamoja na ya wagonjwa wengine, jamaa wakikubali. Siku jina la kwanza litakapotamkwa bila minong'ono, nyumba nyingine tano zitafungua mlango.

La pili, iwepo zamu. Watu wawili wakae na mgonjwa kila Jumapili kwa saa tatu ili mlezi aje kwenye Ushirika Mtakatifu, au abaki alale. Wengine wakamfulie mashuka mara moja kwa juma. Nyumba nane zikishika zamu, kila nyumba itatoka mara moja tu kwa miezi miwili.

La tatu, wazee hawa waletwe kanisani kadiri wawezavyo. Wakisimama katikati ya mahubiri, au wakianza wimbo wakati wa ukimya, watu wasigeuze shingo. Kule Hai, wataalamu waliwakusanya wazee wenye ugonjwa huu katika makundi madogo, mara 14 katika majuma 7, wakazungumza, wakaimba, wakakumbushana mambo ya zamani, na hali yao ikawa nafuu. Kanisa lina nyimbo, lina kivuli cha mwembe, lina watu. Twakosa nini?

La nne, Padre akimpelekea mgonjwa Sakramenti, jamaa wasione aibu kwamba mzee hataelewa. Mara nyingi asiyeweza kutaja jina la mwanawe huitikia Sala ya Bwana mpaka Amina.

MUNGU HASAHAU

Mwisho, liko swali ambalo walezi huuliza kwa sauti ya chini. Mama aliyemkiri Kristo miaka 70 sasa hajui Kristo ni nani. Je, imani yake imekwenda wapi?

Nabii Isaya, sura ya 49, alisikia Sayuni ikilia kwamba Mungu ameisahau. Mungu akajibu kwa habari za mama na mtoto wake anyonyaye. Alikubali kwamba hata mama aweza kusahau. Zamani tulipousoma mstari ule tuliona ni mfano wa jambo lisilowezekana. Leo twajua nyumba ambamo mama amemsahau mwana kweli kweli. Lakini Mungu akasema kwamba yeye hatasahau, na kwamba amewachora watu wake katika viganja vyake. Basi wokovu wetu haukuandikwa katika ubongo wetu, unaoweza kuchakaa. Umeandikwa katika viganja, na viganja hivyo twajua vilipigwa misumari.

Mwivi msalabani hakuomba apewe uwezo wa kukumbuka. Aliomba akumbukwe. Mbinguni hakuna mtihani wa kumbukumbu. Yule aliyebatizwa kwa jina, jina lake linajulikana hata likimtoka mwenyewe. Na kwa kuwa Mungu amkumbuka, kazi yetu ni ndogo na imo ndani ya uwezo wetu: kumkumbuka mgonjwa, na kumkumbuka yule anayeamka naye usiku.

Juma hili, kabla hujalala Jumamosi, fikiri ni mlango gani katika kitongoji chako umefungwa muda mrefu. Nenda ukabishe hodi. Usiende na shauri, nenda na sabuni na saa mbili za kukaa.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe watujua tangu tumboni mwa mama zetu hata siku za mvi. Uwatazame kwa rehema watumishi wako waliopotewa na kumbukumbu. Uwaondolee hofu, uwalinde usiku, uwape watu wa kuwashika mkono. Uwatie nguvu wanaowatunza, uwape usingizi na wenzi wa kubeba nao. Uondoe kwetu lawama, aibu na kicheko, utufundishe kuchukuliana mizigo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyemkabidhi mama yake kwa rafiki yake hata alipokuwa msalabani. Amina.